Tochi ya Mke Wangu wa Newala

Nina mke Newala. Amenizidi umri kidogo tu, kiasi cha kuwa ndiye aliyemzaa mama yangu. Huku kwetu bibi ni mke wa mjukuu wake wa kiume, na mjukuu anaruhusiwa kumwambia maneno ambayo akimwambia mtu mwingine yeyote atakula kofi kabla hajamaliza sentensi. Nikifika kwake likizo nampa shikamoo kama mtoto mwenye adabu, anaitikia marahaba kama mama mtu mzima mwenye heshima zake, halafu adabu tunaiacha nje pamoja na viatu.

"Umekuja kuniona au umekuja kula?"

"Nimekuja kuangalia kama umeshaolewa na mwingine."

"Walikuja wengi. Nikawaambia mume wangu yuko Masasi anasoma, anarudia darasa."

Sijawahi kurudia darasa. Lakini utani ndivyo ulivyo, ukianza kujitetea umeshashindwa.

Nyumba yake iko upande wa Mnyambe, huko juu ambako maji huyapati kwa kuchimba, unayasubiri kutoka angani. Kila nyumba ya bati ina kisima chake uani: shimo refu lililosakafiwa kwa saruji, mfereji unaoteremsha mvua kutoka kwenye paa, na kipande cha bati cha kufunikia mdomo. Kuzunguka uwanja ni mikorosho, mingi ameipanda yeye mwenyewe akiwa na mimba ya mama yangu, au ndivyo anavyosema. Nikimuuliza alipandaje na tumbo, anasema tumbo lilimsaidia kupimia nafasi.

Katikati ya mwaka huu alianguka uani alfajiri, akitoka chooni, hatua chache tu kutoka kwenye kisima. Akachubuka goti na kiwiko. Mjomba, kaka yake Mama, alikuja kutoka Tandahimba anakofanya kazi kwenye ghala la korosho. Kwetu neno la mjomba likishatoka limetoka. Akakagua uwanja mzima mikono ikiwa nyuma, kama afisa, kisha akasema:

"Mama, ukianguka tena naifunga hii nyumba. Utahamia Masasi kwa mdogo wangu."

"Sikuanguka," Bibi akajibu. "Iliyoanguka ni tochi. Mimi niliifuata."

Tulicheka wote. Hata mjomba alicheka, na yeye huwa anacheka kama mtu anayelipishwa.

Tochi yenyewe ilikuwa ile ndefu ya bati, ya marehemu Babu, inayomeza betri kubwa. Betri za aina hiyo siku hizi ni adimu kule kijijini, na ukizipata zimekaa dukani mpaka zimetoa udenda. Bibi alizitunza kama mayai. Zikianza kuchoka alizianika juani kwenye mkeka uleule wa korosho, akawa anazigeuza pamoja na korosho ili zikauke sawasawa. Usicheke, kule kila mtu anaanika betri. Zikipigwa na jua zinapata nguvu kidogo ya kuaga. Mimi fundi mkuu nilikuwa naziongezea tiba ya kuzing'ata kwa meno. Tukizirudisha ndani ya tochi, Bibi anabonyeza, anaangalia, anasema, "Hamna kitu, zimekufa." Mimi nilikuwa naona kamwanga kekundu kama jicho la mlevi, lakini nikasema kweli, zimekufa. Basi familia nzima tukakubaliana kwamba tatizo ni tochi.

Umeme umefika kule lakini umepita barabarani, haujakata kona kwenda kwa Bibi. Kibatari mjomba alikikataza. Ikabaki tochi. Nyumbani Masasi Mama akaniita, cherehani yake ikiwa bado inazunguka.

"Wewe unayejifanya unajua kila kitu cha umeme. Katafute tochi ya Bibi yako. Iwe ndogo, mkono wake umezeeka. Na betri zake zisije zikatusumbua tena."

"Mama, nipe kazi ngumu basi."

"Hiyo ni ngumu. Ukileta takataka, Bibi atahama kwake kwa ajili yako."

Alilisema kwa mzaha, mguu ukiwa kwenye pedali. Mimi liliniingia. Sijawahi kupewa kitu kizito hivyo. Nyumbani huwa natumwa chumvi. Bibi bila mikorosho yake nilikuwa siwezi hata kumfikiria. Angekaa Masasi anafanya nini, aanike nini?

Kwa hiyo nikaanza kwa utafiti. Nilimpigia Bibi simu nikamwomba aulize dukani wana betri za aina gani. Siku ya pili akanipa ripoti.

"Wiki hii ziko zile nyembamba za rimoti. Wiki iliyopita zilikuwepo za redio ndogo. Za kuchaji anazo yule kijana wa sola anayechaji simu za watu. Kubwa mwenye duka anasema nisubiri."

"Usubiri mpaka lini?"

"Hakusema. Lakini alivyonijibu, naona mpaka uzee uniishe."

Nikaelewa: ukinunua tochi inayotaka betri ya aina moja, umenunua nusu ya tochi. Nusu nyingine iko mikononi mwa mwenye duka. Bibi alihitaji tochi isiyochagua chakula, kama mimi.

Pale Masasi karibu na stendi kuna jamaa anauza vitu vya umeme juu ya meza: chaja, redio, taa za sola, nyaya za rangi zote. Nilimsumbua mpaka akajuta kuamka. Alianza na ya kufunga kichwani. Nikamfikiria Bibi anatoka nayo alfajiri, mbuzi wa jirani wanazimia. Nikakataa. Akaleta ya plagi, unaichomeka ukutani. Nikamwambia ukuta wa Bibi ni wa udongo, ukichomeka kitu pale utatoa mchwa. Akaleta nyingine nzuri, ya chuma, nyepesi, lakini inakula betri za redio tu.

"Dogo, unanunua au unafanya mtihani?"

"Bosi, ni ya mke wangu. Anaishi shamba."

Akanitazama kuanzia kwenye shati la shule mpaka kwenye ndala. "Mke wako yupi?"

"Mzee kidogo. Jino la mbele hana."

Akacheka mpaka akakaa. Akishacheka muuzaji ndipo anakuonyesha kitu chenyewe. Akafungua boksi chini ya meza, akatoa kitochi cheusi, kifupi kama gunzi. Kifuniko cha nyuma kinafunguka kwa kuzungusha. Ndani kuna nafasi moja pana. Unaweza kuweka betri moja nene ya kuchaji, ile iliyo kama kidole gumba cha mpiga matofali. Huna hiyo, unaweka kikebe cha plastiki kinachobeba tatu za rimoti. Huna hizo, kuna kikebe kingine cha za redio ndogo. Ukikivuta kichwa mwanga unakusanyika, ukikirudisha unatawanyika.

Nilikijaribu chote. Nilikiwasha chini ya kitambaa cha meza, ndani ya begi langu, mwishoni ndani ya mdomo wa muuzaji mwenyewe, na nikamjulisha kwamba gego moja la kushoto linahitaji fundi. Nilibadilisha betri aina zote mpaka vidole vikazoea. Halafu nikafumba macho nikabadilisha tena kwa kupapasa, kwa sababu betri huwa zinaishia gizani. Kitufe nikakitafuta kwa kidole gumba. Kilikuwa kimeinuka vizuri, hakijifichi. Nikasema hiki. Niliondoka pale nikiwa na uhakika kwamba nimeiokoa nyumba ya watu.

Shule zilipofunga, korosho zikiwa zinamalizikia kuanguka, nikapanda kwenda Newala na tochi mfukoni.

Hapa lazima nieleze vizuri Bibi alivyokuwa, maana nilikuwa nayaona yote na nikayafanya vichekesho. Likizo ya nyuma yake alinimiminia chai, nusu ikaingia kikombeni, nusu mkekani. Nikamwuliza hiyo ya mkekani ya nani. "Ya mke mwenzangu aliyekaa hapo pembeni yako," akasema, "nimemwona, usifikiri sijamwona." Uji akautia chumvi badala ya sukari: "Nakukomesha, ukirudi Masasi wasichana wakukute mdomo mchungu." Alinipapasa uso mzima kwa mikono miwili akaniambia, "Mume wangu, umezidi kuwa mweusi. Siku hizi hata jua likiwaka nashindwa kukutofautisha na mlango." Hiyo ya mlango niliipeleka shuleni. Darasa zima lilivunjika mbavu. Nilijulikana kwa vichekesho vya Bibi yangu kuliko kwa vya kwangu.

Siku niliyofika tulikula ugali wa muhogo, tukatukanana kidogo, kisha nikamwambia nimemletea mahari. Tukaingia chumba cha ndani. Hakina dirisha, hata saa nane mchana ni giza tupu, ukiunyoosha mkono wako unaupoteza. Nikakaa kwenye kitanda cha kamba, yeye akasimama mlangoni akijifunga kanga. Nikaanza kumweleza habari za vikebe na betri, kwa madaha, kama yule jamaa wa stendi.

Halafu nikapata wazo la kijinga. Betri nilikuwa nimezitoa ili kumwonyesha. Nikafunga kifuniko tochi ikiwa tupu. Nilitaka nibonyeze, isiwake, anitukane matusi yake yale ya zamani kuhusu vitu vya Masasi, kisha niziweke na kumwaga mwanga chumba kizima.

"Haya, Mke wangu, jiandae. Nawasha."

Nikabonyeza. Tak. Giza lilelile.

"Ee!" Bibi akasema. "Hii ndiyo tochi sasa! Ona, mpaka kenchi naziona."

Nikajua amenizidi kete. Amegundua, na yeye ananitania. Nikajiziba mdomo kwa mkono nikisubiri aanze kucheka ili nianze. Kwa bibi na mjukuu huwa hatusubiri sana.

Hakucheka. Alikuja taratibu kuelekea sauti yangu, akanishika bega, mkono ukashuka mpaka kwenye tochi. Akaipapasa, akafurahia udogo wake.

"Zima basi, utazimaliza betri bure," akasema.

Betri zilikuwa mkononi mwangu mwingine.

"Bibi," nikasema. Nilisahau kumwita mke. "Haina betri."

Akakaa pembeni yangu, kamba za kitanda zikalia.

"Mjomba wako asijue."

"Huoni kabisa?"

"Mchana naona kama kuna moshi. Naona mtu ni mtu, sijui nani. Kigiza kikiingia ndiyo basi." Akanipiga kidogo pajani. "Nikihamishiwa Masasi nitawekwa kitandani kama furushi, wanangu wakipita wananiuliza umekula. Hapa najua kila mahali pa kuweka mguu. Umenisikia, mume wangu? Hapa sihitaji macho."

Nikasema nimekusikia. Nilitaka kuongeza kitu cha kuchekesha na sikukipata. Mimi.

Zile siku zilizofuata nilimwangalia kwa mara ya kwanza. Chini ya mikorosho aliokota kwa nyayo: anaburuza mguu, akihisi korosho anainama. Kwa kila aliyoiokota ziliachwa nyingi. Nikawa napita nyuma yake, navua viatu nisisikike, naokota zilizobaki na kuzitia kwenye ndoo yake akigeuka. Jioni anaipima ndoo kwa mkono, anasema, "Mti wa kona umejitahidi leo." Nasema umejitahidi. Tochi aliifunga kwenye pindo la kanga na kutembea nayo kila aendako, akiiwasha majirani wakipita jioni. Walimsifia. Mama mmoja aliuliza inapatikana wapi, Bibi akamwambia uolewe na msomi.

Nadhani tungeweza kuendelea hivyo mpaka shule zifunguliwe. Lakini siku moja asubuhi, jua limeshachomoza, mvua ilikuwa imenyesha na Bibi alikuwa amekifunua kisima maji yaingie. Upepo ukalisogeza lile bati. Mimi nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Nikasikia ndoo ikigonga, nikazunguka nyumba, nikamkuta anakwenda kuteka maji, anatembea kwa kujiamini kabisa, tochi inaning'inia kwenye pindo. Alikuwa analifuata bati kwa mng'aro wake, ndiyo alama yake ya ukingo. Bati lilikuwa upande mwingine wa shimo.

Nikapiga kelele, "Bibi simama!"

Akasimama. Vidole vyake vya mguu vilikuwa vimeshapita ukingo, vimekaa hewani juu ya maji. Akavirudisha polepole, akauhisi ukingo, akaelewa.

"Nilitaka kuoga," akasema.

Sauti ilikuwa ya utani, sura haikuwa. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kizingiti, nikalifunika shimo, nikaweka na jiwe juu. Halafu nikaenda barabarani kwenye mtandao nikampigia Mama. Nilikuwa nalia ovyo mpaka mwendesha bodaboda mmoja akasimama kuniuliza nani amekufa.

Mama na mjomba walikuja pamoja, wakamchukua hospitali. Nilikwenda nao. Daktari alikuwa dada kijana, mpole, alimmulika Bibi kwa taa yake ndogo jicho moja baada ya jingine, akamwuliza maswali mengi. Kisha akatuambia ni presha ya macho. Ni ugonjwa unaokula pembeni kwanza, taratibu, bila maumivu. Ulichokwisha kukichukua haukirudishi. Kuna dawa ya matone ya kulinda hicho kidogo kilichobaki. Ingekuwa vizuri, alisema, kama angeletwa mapema.

Nje ya chumba Mama alikaa kwenye benchi akalia na kukasirika kwa wakati mmoja.

"Mama, kwa nini hukusema? Miaka yote hii, simu unayo, kwa nini hukusema?"

"Nilisema," Bibi akajibu. "Kila likizo nilimwambia mume wangu."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja alipoweka kitu. Mama na mjomba wakageuka kunitazama. Na mimi nikayaona yote yamejipanga: mke mwenza pembeni ya kikombe, uji wa chumvi, mlango. Hayo mambo mtu mzima kama yeye angeyasema kwa nani? Mtoto wake angemhamisha. Jirani angemhurumia, na Bibi huruma haiwezi. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye angeweza kumwambia chochote bila kuaibika, na huyo mtu aliyachukua akaenda kuchekeshea darasa.

Mjomba alitimiza alilosema, ingawa Bibi hakuanguka tena. Shamba akapewa jirani alitunze. Siku ya kufunga nyumba Bibi alijifungia mizigo mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Ndani mle alitembea kama msichana: hakugusa ukuta, hakujikwaa, alijua nguo ipo msumari upi na sufuria gani ina mpini uliolegea. Mtu angemtazama angesema tumemsingizia. Alifunga mlango kwa kufuli akanipa funguo nimpelekee jirani, na nilipokuwa nakwenda nikamsikia anaongea na mtu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu, alikuwa ameuegemea mkorosho wa karibu.

Kwenye gari la kwenda Masasi sikusikia tusi hata moja. Dereva alipofunga breki ghafla, kitu ambacho siku zote kingemfanya amtukane mpaka ukoo, alishika tu siti ya mbele.

Tulifika jioni. Mama alikuwa amempangia chumba changu, mimi nikahamia sebuleni. Nilimshika Bibi mkono nimwonyeshe, kwa sababu hapa hajui pa kuweka mguu. Alikuwa anaburuza nyayo kwenye sakafu ya saruji kama anatafuta korosho. Nilianzia mlangoni.

"Hapa mlango. Unafungukia ndani."

Akaugusa.

"Hapa kitanda. Ukutani hapa pana msumari wa kanga."

Akaugusa.

"Na hapa ni swichi ya taa."

Kidole chake kikaikuta, kikaibonyeza. Taa ikawaka juu yetu, kali, ikaonyesha vumbi kwenye kilemba chake na uso uliochoka na safari.

"Ya kazi gani?" akauliza.

Nilisubiri acheke. Nilimsubiri kweli, midomo yangu ikiwa tayari. Kisha nikauchukua tena mkono wake, nikaupeleka kwenye ukuta unaofuata.